Pamba kwenye Kanda ya Saba

Siku ya tatu baada ya kukamatwa, Lukman Abeid alirudishwa nyumbani kwake Igogo saa nne asubuhi, pingu mikononi, ili awaonyeshe polisi anavyofanya kazi yake.

Sajenti Odeta Chenge ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mkuu wake wa upelelezi alikwisha kulisoma jalada na kuridhika nalo. Kesho asubuhi lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na fundi angepandishwa kizimbani kwa kuharibu mali ya watu.

"Unatafuta nini zaidi?" mkuu alikuwa amemwuliza. "Kanda ilikuwa na nyimbo. Ikaingia kwa fundi. Ikatoka haina nyimbo."

"Bado sijaisikiliza, afande."

"Utasikiliza nini na haina kitu?"

Odeta aliomba Land Rover, akaomba siku moja, akapewa vyote viwili kwa shingo upande.

Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani, katikati ya kitanda na kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Konstebo Luhaga aliketi kwenye ncha ya kitanda kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Shamsia, mke wa Lukman, alisimama mlangoni amekunja mikono, hakuwakaribisha wala hakuwafukuza.

"Mfungue," Odeta alimwambia Luhaga.

"Afande, akikimbia?"

"Akimbie aiache mashine yake? Mfungue."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Marehemu Ndalahwa alikuwa manju wa Bagalu, moja ya makundi mawili makubwa ya ngoma ya Wasukuma, mtunzi aliyejulikana tangu Misungwi hadi Sengerema, na alipofariki mwaka themanini na nane aliacha wajane wawili na kanda saba. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Kila kona ya mji ilikuwa na kibanda cha kuuza kanda, na redio za watu binafsi zilikuwa zinatafuta nyimbo kwa tochi. Mwanawe, Alexander, aliona si haki sauti ya baba yake ioze. Akapatana na Lukman: kila kanda ichezwe, iingizwe kwenye kompyuta, isafishwe mikwaruzo, halafu iwekwe kwenye diski, na kutoka hapo zitolewe nakala za kuuza. Kanda sita zilikuwa za mashindano ya kawaida. Ya saba ndiyo waliyokuwa wakiitaka wote.

Hiyo ilirekodiwa wakati wa mavuno mwaka themanini na sita, siku ambayo Bagalu na wapinzani wao, Bagika, walishindana katika uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, watu wakiwa huru kwenda kwenye ngoma inayowavuta. Jua lilipoanza kushuka, Bagika walikuwa na watu wengi zaidi. Ndipo Ndalahwa akanyamazisha ngoma zake zote, akamwimbia kwa jina mke wake mkubwa, Dorotea, aliyekuwa amekaa mbele yake na redio kaseti mapajani, akirekodi. Watu waliwaacha Bagika wakahamia kwake kama maji yanavyofuata mfereji. Wimbo ule hakuurudia tena mahali popote. Ulibaki kwenye kanda ile tu, na kanda ilibaki kwa Dorotea.

Jumamosi iliyopita Alexander aliichukua kwa mama yake, Dorotea, huko Kigongo, akaiacha kwa mama yake mdogo, Sabina, mjane wa pili, hapa Igogo. Jumatatu ikafika kwa Lukman. Jumanne asubuhi Lukman aliicheza, akakuta kimya, akamwita Alexander. Jioni yake alilala mahabusu. Alexander alisema fundi ameunakili wimbo kwa siri amwuzie mfanyabiashara mwingine, kisha akaifuta kanda ili nakala yake ibaki peke yake duniani.

"Uliisikiliza kwa muda gani Jumanne?" Odeta aliuliza.

"Dakika moja na ushei, afande. Nikaipeleka mbele kidogo, kimya. Nikageuza upande wa pili, kimya. Nikajua balaa."

"Kwa hiyo na wewe hujaisikiliza."

Lukman alimtazama. "Kanda tupu mtu haisikilizi."

Odeta aliitoa kanda kwenye bahasha ya vielelezo, akaishika kwa kingo zake na kuigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mtu wa kutazama kitu mara ya tatu hata kama mara mbili za kwanza hakuona kitu. Mgongoni mwa kanda, pale penye vijino viwili vya plastiki ambavyo mtu huvivunja ili isirekodiwe juu, vijino vilikuwa vimevunjwa zamani. Kwenye mashimo yake kulikuwa na kitu cheupe.

"Hiki umeweka wewe?"

"Sikukiona," Lukman alisema, akainama. "Hapana, afande. Sisi mafundi tunabandika selotepu. Ukitaka kurekodi juu ya kanda iliyovunjwa vijino, unaziba shimo kwa selotepu, basi. Huyu ameshindilia."

Odeta alichokoa kwa ncha ya pini. Ikatoka pamba, imekazwa ikawa ngumu kama jiwe dogo. Aliitia kwenye bahasha yake ya peke yake, akaandika saa na tarehe, akaacha ya shimo la pili mahali pake.

"Sasa icheze. Fanya kama kazi ya kila siku."

Lukman aliitia kanda kwenye deki yake, akachomeka waya mmoja nyuma ya deki na ncha ya pili nyuma ya kompyuta. Alibonyeza kipanya mara mbili. Katikati ya kioo ukatokea mstari wa kijani uliolala.

"Sauti ikiingia, mstari unapanda na kushuka," alieleza. "Ngoma ya manju inajaza kioo chote. Kimya kinalala."

"Kimya kikilala, kinanyooka kabisa?"

"Kabisa."

"Huu haujanyooka."

Lukman alisogeza uso. Mstari ulikuwa na vinyweleo, vidogo mno, kama uzi wa sufu uliochakaa. Bila kuambiwa alichukua kanda mpya kutoka kabatini, akairekodi dakika moja bila kitu kwenye deki yake, akaicheza. Mstari ulinyooka.

"Deki hii haina kipaza sauti," alisema polepole. "Inasikia kile tu kinachokuja kwa waya. Mimi ningeifuta kwa deki hii, ingekuwa hivyo. Lakini redio kaseti za kubeba zina kipaza sauti ndani yake. Ukibonyeza rekodi na hujachomeka waya, inarekodi chumba."

"Chumba."

"Chochote kilichopo. Mtu anadhani anarekodi kimya."

Luhaga alicheka puani. "Afande, sasa tunamtafuta chumba aliyefuta kanda?"

"Ndiyo," Odeta alisema. "Chumba huwa na mwenyewe."

Walikaa dakika arobaini na tano, kwani kanda haina njia ya mkato. Wimbo wa dakika tano huingia kwa dakika tano. Shamsia alileta chai akaiweka mbele ya mume wake peke yake. Upande wa kwanza ulipoisha, Lukman alijaribu kuzipandisha sauti dakika kumi za mwanzo. Kompyuta ilinguruma. Kisha sauti ikatoka kwenye spika ndogo, ikiwa imejaa mchakacho: upepo, kuku, kitu kinachogongwa mbali. Na katika dakika ya tatu, honi nzito, ndefu.

Luhaga alisimama. "Meli hiyo."

Kutoka dirishani kwa Lukman bandari haikuwa mbali, na meli ikipiga honi, vikombe vya Shamsia hutetemeka kwenye sinia.

"Dada," Shamsia alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo, "redio kaseti hatuna. Tulikuwa nayo, aliibomoa achukue vipuri."

"Anaweza kuazima," Luhaga alisema.

"Unaweza kunyamaza," Odeta alimwambia, bila ukali. Akamgeukia Lukman. "Upande wote ukiupandisha, unachukua muda gani?"

"Ni mzigo mkubwa, afande. Saa moja. Labda na nusu."

"Anza. Luhaga, kaa naye. Mimi naenda kwa bi mdogo."

Nyumba ya Sabina ilikuwa vichochoro viwili kutoka pale, nyumba ya matofali aliyoachiwa na marehemu. Sabina alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye kucheka haraka, akijaza mito. Nyuzi nyeupe zilimganda kwenye nywele na kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Nilikuwa nahesabu siku, nikasema hawa watakuja lini kuninusa."

Odeta aliketi. Macho yake yalikuwa kwenye gunia la kujazia mito, na Sabina aliyaona.

"Kanda ililala kwako siku mbili," Odeta alisema.

"Juu ya kabati la vyombo. Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi."

"Uliicheza?"

"Kwa meno? Redio sina. Ya kwangu niliiuza mwaka juzi."

"Majirani wanazo."

"Wanazo." Sabina aliusukuma mkono wake ndani ya mto hadi kiwikoni. "Sikiliza, mwanangu, nikusaidie kazi. Unataka kuniuliza kama nina wivu. Andika: anao. Nimeolewa na manju miaka kumi, ameimba juu ya ng'ombe, ameimba juu ya nzige, ameimba juu ya gari la chama cha ushirika lililokwama matopeni. Sabina hajaimbwa. Kila nikienda msibani nasikia, 'Huyu ni yule wa kwenye wimbo?' 'Hapana, huyu ni yule mwingine.' Wivu ni kosa la jinai, au sheria imebadilika?"

"Haijabadilika."

"Basi andika."

Odeta aliandika. "Wimbo wenyewe unausemaje?"

"Siujui."

"Hukuwepo siku ile, lakini kanda—"

"Sijawahi kuisikia." Kicheko kilimtoka usoni. "Tangu tumzike, miaka kumi na mmoja, naenda Kigongo na kuku mkononi, naomba. Dada, nisikilizishe sauti ya mume wetu. Betri zimekwisha. Mwaka mwingine, betri zimekwisha. Nikanunua betri mwenyewe, sita, nikazipeleka. Akaniambia redio inasumbua. Jumamosi, Alexander alipoiacha hapa, unajua nilifanya nini? Niliishika. Nikainusa, kama mjinga. Inanuka moshi wa kwa Dorotea."

"Alexander alikuahidi kitu?"

"Nakala yangu. Alisema mashine inatoa hata elfu, na ya elfu inasikika sawa na ya kwanza. Nilimwambia mimi nataka moja, nitanunua redio mpya siku hiyo hiyo." Aliikung'uta mikono. "Mpaka leo nahesabu hasara yangu peke yangu. Wenzangu wanahesabu biashara."

Odeta aliitoa bahasha ndogo, akakidondosha kile kidonge cha pamba kwenye kiganja chake, akakiweka kando ya gunia. "Hii inafanana na ya kwako?"

Sabina hakuigusa. Aliitazama kama mwuza samaki anavyotazama samaki wa jana. "Hayo ndiyo macho ya polisi? Mimi najaza sufi. Shika, uone inavyoteleza. Hiyo ni pamba, tena haijafika kiwandani. Bonyeza hapo katikati."

Odeta alibonyeza. Kulikuwa na kitu kigumu. Aliichambua kwa kucha na kuona kipande cha mbegu, cheusi, kimebanwa kati ya nyuzi.

"Nani Igogo ana pamba yenye mbegu?" Sabina alisema. "Muulize yeyote."

"Swali la mwisho, mama. Meli hapa hupiga honi mara ngapi?"

"Ya Bukoba? Jioni ikitaka kuondoka. Mara moja, tunajua muda umefika wa kubandika ugali."

Alipoingia tena chumbani kwa Lukman, alikuta watu watatu wamekaa kama walio msibani. Luhaga alikuwa ameondoka kitandani na kuchuchumaa karibu na spika. Hakufanya mzaha.

"Imemaliza, afande," Lukman alisema. "Honi ni tatu. Dakika ya tatu, dakika ya ishirini na tatu, dakika ya arobaini na tatu. Kompyuta inaonyesha hadi sekunde."

"Zote kubwa sawa?"

Lukman alimwonyesha kwenye kioo. Uvimbe wa kwanza wa mstari ulikuwa mrefu. Wa pili mdogo, nusu ya nusu yake. Wa tatu mrefu kama wa kwanza.

"Karibu, mbali, karibu," Odeta alisema. "Dakika ishirini, dakika ishirini." Alikaa kwenye kiti, akaandika namba hizo tatu moja chini ya nyingine. "Meli ya Bukoba haiwezi kuondoka mara tatu chini ya saa moja. Chombo kinachopiga honi ng'ambo hii, kikapiga ng'ambo ya pili, kikarudi kupiga hapa, ni kivuko."

"Kivuko cha Kigongo," Luhaga alisema.

"Kigongo."

Shamsia aliegemea mlango. Lukman hakuonekana kufurahi. "Kuna kingine," alisema. "Afadhali usikie mwenyewe."

Alirudisha nyuma, akaongeza sauti mpaka mwisho. Chini ya upepo na kuku kulikuwa na sauti ya mwanamke. Alikuwa anaimba kwa Kisukuma, chini chini, kama mtu anayemwimbia mtoto asimwamshe. Aliimba mstari, akanyamaza pale ambapo watu wangeitikia, akauchukua mstari uliofuata. Wimbo ukaisha. Ukaanza mwingine. Hakukosea mahali. Hakutafuta neno. Alikuwa anazifuta nyimbo moja baada ya nyingine, na kila moja aliisindikiza kwa mdomo wake wakati inafutika.

Ilipofika zamu ya wimbo wenye jina la Dorotea, sauti ilikatika. Mahali pale kulikuwa na kuku tu, na upepo, dakika tatu nzima. Kisha wimbo uliofuata.

"Bi mdogo?" Luhaga aliuliza kwa kunong'ona.

"Bi mdogo hajui hata neno moja la kanda hii," Odeta alisema. "Na huyu anaijua yote, na mpangilio wake." Alilifunga daftari. "Mrudishe mahabusu, Luhaga."

"Afande," Lukman alisema.

"Bado sina maelezo ya mtu. Nina kuku na honi. Mkuu wangu hawezi kumwachia mtu kwa ajili ya kuku." Alimgeukia Shamsia. "Mtu asiiguse mashine mpaka nirudi."

Kigongo alifika saa tisa. Malori yalikuwa yamepanga foleni kushuka kwenye kivuko, na kando ya barabara pamba ya msimu ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja. Nyumba ya Dorotea ilikuwa juu kidogo ya gati. Mama mwenyewe alikuwa anachambua, pamba nyeupe upande huu, chafu upande ule. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa cheusi, na alipomwona askari wa kike hakuinuka.

"Mwadila, mayu," Odeta alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo.

"Mwadila." Mkono haukusimama. "Mmeshamfunga huyo fundi?"

"Kesho."

Mkono ulisimama.

"Alexander alisema watamtisha tu," Dorotea alisema. "Alisema akitishwa atautoa wimbo alikouficha."

"Hajauficha popote. Leo ni siku ya tatu amelala sakafuni. Kesho atapelekwa mahakamani. Hata akishinda, nani atampa tena kanda ya baba yake?"

"Basi mwulize Sabina. Kanda ililala kwake. Aliyeiba mume hashindwi kuiba sauti."

"Nimetoka kwake. Naomba nione redio, mayu."

Ilikuwa kwenye rafu ya ndani, imefunikwa leso. Odeta aliifungua nyuma. Betri sita, mpya, zinang'aa. Kwenye uso wake, kando ya spika, kulikuwa na vitundu vidogo, na nyuma yake kipaza sauti. Aliirudisha na leso yake. Alipotoka nje alitoa ile bahasha, akaiweka pamba ya kwenye kanda juu ya lundo la pamba mbele ya Dorotea. Ilipotea humo. Hata yeye asingeweza kuiokota tena kama hakuikazia macho.

"Unajua redio hii inasikia bila waya?" alisema.

"Inasikia nini?"

"Ukibonyeza rekodi, inasikia chumba. Imesikia kuku wako. Imesikia kivuko kikiondoka hapa, kikaondoka Busisi, ng'ambo, kikaondoka hapa tena." Alichuchumaa mbele yake. "Kuna mtu anaimba, mayu."

Dorotea alizitazama pamba zake kwa muda mrefu. Malori mawili yalishuka gatini. Mwanamke mmoja wa jirani alipita akamsalimu, hakujibiwa, akaenda zake.

"Nilidhani nimerekodi kimya," alisema.

"Kwa nini hukukataa tu? Kanda ni yako."

"Ukoo ulikaa. Wazee, Alexander, wote. Walisema sauti ya manju si ya mtu mmoja. Ningesema nini, nawanyima? Wangesema simpendi marehemu." Alianza kuchambua tena, lakini sasa alichanganya nyeupe na chafu. "Tulipogawana, Sabina alipata nyumba ya mjini. Ng'ombe walikwenda kwa watoto. Mimi nilisema sitaki kitu, nipeni kanda. Walicheka. Miaka kumi na mmoja, kila Jumapili, nimekaa naye humo ndani, mimi na yeye. Halafu Alexander ananiambia kuna mashine. Nikamwuliza, itatoa ngapi? Akasema hata elfu. Nikamwuliza, na Sabina? Akasema, na mama mdogo, bila shaka. Tena yake itasikika safi kuliko ya kwangu, kwa sababu ya kwangu imechakaa."

"Ulifuta lini?"

"Ijumaa, siku moja kabla hajaja. Upande wa kwanza nilikaa nao. Wa pili nilibonyeza nikaenda shamba."

"Na kwenye wimbo wenye jina lako ulinyamaza."

"Mtu hajiimbi mwenyewe."

Odeta alifungua daftari ukurasa mpya. Alimweleza taratibu, kama alivyomweleza kila mtu: mtu akiharibu kanda yake mwenyewe, hakuna kesi. Anachohitaji ni maelezo yake na sahihi yake, leo, kabla mkuu wake hajalala na jalada lile. Akiandika, fundi anatoka. Asipoandika, Odeta atalazimika kuipeleka ile sauti mahakamani na kuichezesha mbele ya kila atakayekuja, na ukoo wote utakuja.

Dorotea aliinua uso. "Sabina amesikia?"

"Hapana. Nimesikia mimi, fundi na mkewe, na konstebo wangu."

"Na maelezo haya atasomewa?"

"Jalada likifungwa, hakuna wa kumsomea."

"Andika," Dorotea alisema.

Yalikuwa maelezo ya ukurasa mmoja na nusu. Odeta alimsomea yote, neno kwa neno. Dorotea alirekebisha mahali pamoja tu: palipoandikwa "mke mkubwa" alitaka iandikwe "mke wa kwanza". Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akirudia kalamu juu ya kila herufi.

Odeta alikwenda kwenye Land Rover, akachukua redio ya polisi, akaita kituo. Mkuu wake alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mwanamke ameifuta ya kwake mwenyewe," mkuu alisema hatimaye. "Kwa wivu." Odeta alisema ndivyo alivyoandika, na kwamba mashine ya Lukman Abeid isichukuliwe tena kama kielelezo. Dakika tano baadaye kituo kiliita: mtu wake amekwisha kutoka, mkewe alikuwa anamngoja nje tangu mchana.

Alipogeuka, Dorotea alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huyo fundi nimemkosea," alisema.

"Umemkosea. Pole yake utampa wewe, si mimi."

"Nitampa." Alivuta kitambaa chake kikae vizuri kichwani. "Anaweza kuitia kwenye kanda? Ile niliyoimba mimi."

"Anaweza."

"Aniwekee. Moja."

"Nitamwambia."

"Akishaitoa, kwenye mashine itabaki?"

"Itabaki mpaka aifute mwenyewe."

Dorotea aliitazama Land Rover, akalitazama lundo la pamba alilolichanganya, akaitazama njia ya mjini.

"Basi ningojee nivae viatu," alisema. "Nataka nimwone akifuta."